Jina la Mume Katika Jina la Daktari

Wananchi wa Korea humheshimu Dk. Esther Park kuwa mwanamke wa kwanza wa taifa lao kuhitimu udaktari wa kisasa. Jina alilozaliwa nalo ni Kim Jeom-dong. Leo twapenda kumkumbuka pamoja na mumewe, Park Yu-san.

Walioana mwaka 1893, kisha wakasafiri hadi Marekani. Mwaka 1896 Esther aliingia chuo cha udaktari cha wanawake mjini Baltimore. Mumewe, aliyekwisha kufanya kazi ya shamba huko New York, sasa akawa mtumishi wa mikahawani ili mkewe asome. Aprili 1900 kifua kikuu kilimwua, majuma machache kabla ya mkewe kuhitimu. Esther alimzika ugenini, akamaliza masomo, akarejea kwao mwaka ule ule. Aliwatibu wagonjwa, hasa Pyongyang, hata maradhi yale yale yakamwua naye mwaka 1910.

Sisi tuvaao sare twajua kwamba apelekaye chakula na risasi mstari wa mbele ni nadra kutajwa katika habari za ushindi. Basi tulisomapo jina la daktari huyo, tukumbuke kuwa Park ni jina la mumewe.