Marehemu Jon Postel, Mshika Daftari la Intaneti

Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, leo nakuletea maisha ya bwana aliyeshika daftari la dunia nzima: Jonathan Bruce Postel, au Jon.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko California, Marekani. Baada ya shule ya upili alijiunga na chuo kikuu cha UCLA mjini Los Angeles. Mwaka wa 1969, akiwa bado mwanafunzi, mtandao wa ARPANET ulianzia chuoni humo. Huo ndio uliozaa intaneti. Postel akajitwika kazi ambayo wengi wangeiona ya kuchosha: kuandika nani amepewa nambari gani.

Pengine utauliza, nambari za nini? Hebu fikiria barua zetu hapa Kiamunyi. Bahasha isipokuwa na S.L.P. na jina la Nakuru, haifiki. Na watu wawili wasiojuana wakipewa sanduku moja, ni vurugu tupu! Tarakilishi nazo ni vivyo hivyo. Anayeiunganisha na mtandao huiwekea mambo matatu: anwani yake, nambari ya kuonyesha mipaka ya mtaa wake, na anwani ya lango la kutokea nje. Anwani yenyewe ni nambari nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.5. Tarakilishi mbili za chumba kimoja zikipewa anwani moja, mawasiliano yatakwama.

Mpango huo umeelezwa katika waraka wa Septemba 1981 ambao Postel aliuhariri. Tarehe 1 Januari 1983, ARPANET ikauhamia. Hata majina ya nchi yalipitia kwake. Hakujifanya hakimu wa kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi, bali alifuata orodha ya kimataifa iliyokuwepo tayari. Ndivyo Kenya ilivyopata .ke yake mwaka wa 1993.

Lakini biashara ilipoingia, watu wakaanza kunung'unika. Ati mtu mmoja ashike funguo zote? Januari 1998, Postel aliwaomba wasimamizi wa mitambo minane mikuu ya majina wafuate mtambo wake, badala ya ule uliokuwa chini ya mkataba wa serikali ya Marekani. Nao wakakubali! Serikali ilipomjia juu, akarudisha mambo yalivyokuwa, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Wapo wanaomsifu kwa hilo, na wapo wanaosema alivuka mpaka.

Tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo aliaga dunia kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 55. Kumbe daftari halikuzikwa naye. Shirika la ICANN, lililoundwa wiki chache tu kabla ya kifo chake, lilirithi kazi hiyo. Nasi Waafrika tukapata AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka wa 2005. Anwani zile, kama bilioni 4.3 hivi, zilikwisha katika ghala kuu Februari 2011, na sasa zipo nyingine ndefu zaidi.

Basi wewe uliye monita, katibu au mweka hazina wa chama, jiulize: ukiondoka leo, atakayelishika daftari lako atalielewa?

Mola ailaze roho yake mahali pema.