Sheikh Al-Amin na herufi zilizobaki sandukuni

Chukua neno penda. Wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Pate walipoliandika kwa herufi za Kiarabu kwa desturi ya zamani, waliandika be na dali, basi. Kiarabu hakina p, kwa hivyo be ilibeba sauti zote mbili. N iliyo mbele ya d haikuandikwa kabisa. Kasra moja ilisimama mahali pa i na mahali pa e. Kwa hivyo penda na pinda ziliandikwa sawasawa, na msomaji ilimbidi ajue linalosemwa kabla hajalisoma. Kwa aliyekulia kwenye tenzi hilo halikuwa tatizo. Kwa mtoto anayeanza, ulikuwa mtihani.

Mmoja wa walioikabili shida hii bila ya kuitupa herufi yenyewe ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo ulioutawala mji huo hadi 1837. Babake, naye mwanachuoni, alifariki Al-Amin akingali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Huku akiwa amesimama imara juu ya elimu ya kale, alilisoma pia jarida la Al-Manar lililotoka Cairo, na fikra za akina Muhammad Abduh zikamwingia. Aliwataka Waislamu wa pwani wasome elimu ya dunia pamoja na ya dini, na wasichana wasiachwe nyuma.

Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo, Sahifa. Lilikuwa la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, la Kiswahili na Kiarabu. Angalia tarehe hizo. Mwaka 1928 mkutano wa wakubwa wa serikali uliofanyika papa hapa Mombasa, nyumbani kwake, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki, na sanifu hiyo ikaandikwa kwa herufi za Kizungu. Sheikh alikuwa anaandika huku mlango unafungwa.

Alichokifanya ni kuitengeneza herufi ya Kiarabu iweze kuzibeba sauti za Kiswahili ambazo Mwarabu hana. Hakuwa wa kwanza. Kabla yake Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki 1890, alishughulika na jambo hilo hilo pamoja na padri Mwingereza William Taylor, walipokuwa wakizikusanya tungo za Muyaka. Nao Waajemi karne nyingi nyuma walikwisha kuongeza nukta na mikwaju wakapata p, ch na g. Hapakuwa na uzushi wowote hapo. Herufi ni chombo, na chombo hutiwa kiraka.

Wachina walibishana hivyo hivyo. Kamusi yao kubwa ya mwaka 1716 ina alama zaidi ya 47,000, nyingi hata msomi hazijui. Wapo waliotaka zitupwe zote watumie herufi za Kizungu. Mwaka 1956 serikali yao ilichagua kuzipunguzia mistari, lakini Taiwan na Hong Kong wakabaki na za zamani. Ugomvi haujesha, ila mtoto wa Beijing bado anaandika kwa alama za kwao. Waturuki waliiacha herufi ya Kiarabu kwa sheria mwaka 1928.

Sisi hatukupigiwa hata kura. Shule, ofisi na mitihani zilitaka herufi za Kizungu, na mzazi gani angemnyima mwanawe kazi? Nami siwalaumu. Lakini mtu asiniambie kwamba herufi za Kizungu zilishinda kwa ubora. Kimvita hutofautisha kaa la moto na kaa wa pwani kwa pumzi, na maandishi ya leo hayaonyeshi. He mbili za Kiarabu zimekuwa h moja.

Kazi imenileta Mumbuni, hapa Machakos, na majirani zangu Wakamba wana kisa chao. Kikamba kina irabu saba na herufi za Kizungu za irabu ni tano, ndipo i na u zikawekewa alama juu. Kwenye simu karibu kila mtu huziacha, na kijana husoma kwa kubahatisha kama wazee wetu na penda na pinda. Nikiwaeleza habari za Sheikh wananielewa upesi kuliko watu wa kwetu.

Linaloniuma ni masanduku. Nyumba nyingi za pwani zina hati za shamba, barua na wosia kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Siku ya kesi anatafutwa mzee wa kusoma, na wazee wanakwisha. Watoto wetu wanahitimu madrasa wakiisoma Qur'ani yote, herufi zile zile, kisha hawawezi kusoma barua ya babu yao mzaa babu. Mwalimu wa madrasa akitenga saa moja kwa wiki, kwa mpango kama ule wa Sheikh, mwaka mmoja unatosha.

Sheikh alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Mwanawe Ali, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuja kujulikana duniani kwa vitabu vya Kiingereza. Historia ya Wamazrui aliyoiandika Sheikh kwa Kiarabu ilitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Na tafsiri yake ya Qur'ani, ambayo hakuwahi kuimaliza, mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui aliishughulikia mpaka sehemu yake ikachapishwa, kwa herufi za Kizungu.