Guru Dutt na filamu iliyomnyamazisha

Juzi nimeirudia nyumbani Kaagaz Ke Phool (1959), filamu ya Guru Dutt juu ya mwongozaji anayeachwa na watazamaji wake. Alizaliwa Bangalore mwaka 1925, akajifunza dansi kwa Uday Shankar kabla ya kuingia sinema. Mwaka 1957 Pyaasa, hadithi ya mshairi anayesifiwa akidhaniwa amekufa, ilipendwa sana. Hii ya pili ilianguka, naye hakuweka tena jina lake kama mwongozaji. Katikati inachosha, kusema kweli. Lakini ule mwale wa jua ndani ya studio tupu, ambao mpigapicha V. K. Murthy aliuakisi kwa vioo, niliurudisha mara tatu. Guru Dutt alifariki Bombay mwaka 1964, akiwa na miaka 39. Sifa za filamu hiyo zilikuja baadaye.