Maisha ya Bwana Méchain, Mpimaji wa Dunia

Katika labo ya fizike tulipima pendile ili kutafuta ile g. Kikundi kimoja kilipata 10,1. Sisi tulipata chini sana, tukaona haya, tukachukua gome tukaandika 9,8 kama kitabu. Mwalimu alicheka tu, akatupa jina la mtu tutafute habari zake. Njo huyu.

Pierre Méchain alizaliwa mwaka 1744 kule Laon, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa plasta. Mtoto alipenda hesabu na nyota, akavumbua komete nyingi.

Siku zile karibu kila mji wa Ufaransa ulikuwa na kipimo chake, na katika soko udanganyifu ulikuwa mwingi. Baada ya Mapinduzi ya 1789, wenye elimu wakakusudia kupata kipimo kimoja kwa watu wote. Metre itakuwa sehemu moja katika 10.000.000 ya njia toka ncha ya kaskazini mpaka ekwateri. Sasa nani ataipima ile njia? Mwaka 1792 watu wawili wakatumwa: Delambre toka Dunkerque mpaka Rodez, Méchain toka Rodez mpaka Barcelona katika Hispania.

Méchain alikuwa mtu wa uangalifu sana sana, hata kupita kiasi. Chombo chake kiliweza kurudilia pembe moja mara nyingi, ili makosa madogo yapunguzane. Juu ya kilima cha Montjuïc alipima nyota usiku kwa usiku, ili kujua latitude ya pale. Hesabu zilipatana vizuri, akafurahi.

Mwaka 1793 mambo yakaharibika. Aliumia vibaya kwenye mashini ya maji, karibu kufa. Tena vita vikaanza kati ya Ufaransa na Hispania, akakatazwa kutoka. Kwa kuwa hakuwa na kazi, akapima tena nyota, mara hii mjini Barcelona, chini ya kilima kile. Hesabu hizi pia zilipatana zenyewe kwa zenyewe. Lakini alipozilinganisha na za Montjuïc, tofauti ilizidi kidogo sekunde 3 za pembe. Mutu atasema ni kitu gani hiki? Fanyeni hesabu: sekunde moja juu ya dunia ni karibu metre 31. Basi kilima ao mji ulikuwa umehama karibu metre 100!

Dunia haikuhama. Lakini Méchain hakuambia mutu. Alichelewa kurudi kwao miaka mingi, usingizi ukampotea. Mwaka 1799 metre ya platini ikawekwa, yeye akasifiwa, na siri ingali moyoni. Aliomba kurudi Hispania aendelee kupima, na huko homa ikamwua mwaka 1804.

Halafu Delambre akafungua karatasi zake, akaona namba zilizofichwa na zingine zilizogeuzwa. Hakumtukana. Alitangaza tofauti ile katika kitabu chake.

Na kosa lilitoka wapi? Mwaka 1828 Nicollet akachukua zile hesabu za Méchain, akatenga nyota za kaskazini na za kusini, kisha akatafuta katikati yake. Tofauti karibu yote ikaisha! Méchain alipima vizuri. Chombo ndicho kilipotoka kidogo upande mmoja, na kurudilia mara elfu hakuponyeshi kosa la namna ile, juu kila mara linarudi lile lile. Hilo halikujulikana vizuri wakati wake. Metre yenyewe ilipungua karibu 0,2 mm, lakini sababu kubwa ni umbo la dunia, ambayo si laini kama walivyofikiri.

Delambre aliziweka karatasi za Méchain katika Observatoire ya Paris, na kwa hiyo Nicollet na wengine waliweza kutafuta. Sisi tulifuta ya kwetu kwa gome, na sasa hatukumbuke tena kama ilikuwa 9,4 ao 9,6.