Umar bin Abdulaziz na Mali ya Watu

Ndugu zangu katika Uislamu, hapa Mutanga nasikia maneno mawili yanayogongana. Mitaani wapo wanaosema wanafunzi tunakula kodi za watu bure. Sisi nasi tunajibu kwamba ni haki yetu, serikali itoe. Tangu mwaka 2017 fedha hizo zimekuwa mkopo, lakini maneno hayajaisha. Mimi hunikumbusha maisha ya Umar bin Abdulaziz, Allah amrehemu.

Umar alikulia katika neema za Bani Umayya. Alipokuwa gavana wa Madina alijulikana kwa mavazi ya thamani na manukato. Alipopewa ukhalifa mwaka 99 Hijria (717), alianza na nyumba yake mwenyewe. Aliyaachia mashamba aliyorithi, na mkewe Fatima, binti wa khalifa, akakubali vito vyake viingie Baitulmali.

Kisha akawatazama wanaotoa. Baadhi ya magavana walikuwa wakiwatoza jizya hata watu waliokwisha kusilimu, ili hazina isipungue. Umar alilikataza jambo hilo. Gavana wa Misri alipolalamika kuwa mapato yanashuka, alikumbushwa kwamba Mtume (s.a.w.) alitumwa kuongoza watu, si kukusanya kodi.

Wanaopokea nao hakuwasahau. Aliagiza wenye madeni walipiwe na vijana wasio na uwezo wasaidiwe kuoa. Inasimuliwa kuwa mjumbe wake aliyekusanya zaka Afrika ya Kaskazini alikosa maskini wa kumpa, akanunua watumwa na kuwaacha huru. Umar alifariki mwaka 101 Hijria (720), akiwa na umri wa karibu miaka 40. Alikuwa ametawala kwa muda usiofika miaka mitatu.

Ninachojifunza ni kwamba hakumkamua mtoaji wala hakumdharau mpokeaji, kwa sababu mali ile aliiona amana kwa wote wawili. Mama anayeuza mboga soko la Ruvumera hulipa ushuru, na huenda mwanawe asifike chuo. Basi anayesaidiwa asione haya, lakini asome kweli, asidanganye ili apate asichostahili, na akipata kazi arudishe deni ili mwingine naye asome. Na walioko ofisini wamwoneshe yule mama ushuru wake umekwenda wapi.

Allah atujaalie kuwa waaminifu. Amin.