Baden-Powell na Vijana wa Mafeking

Wengi wenu mnalijua jina la Baden-Powell kwa sababu ya Skauti. Mimi nililijua kwa sababu ya aibu, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilijiunga na kikosi cha makadeti cha shule. Sitaki kusema uongo: nilichopenda ni kaki iliyopigwa pasi, mkanda uliong'arishwa, na sauti ya tarumbeta jioni. Mwaka uliofuata nilipewa tepe moja, nikawa koplo wa vijana kumi. Basi kichwa kikanivimba. Miongoni mwao palikuwa na kijana mdogo wa kidato cha kwanza ambaye sote tukigeuka kulia, yeye hugeuka kushoto. Siku moja, saa saba mchana, nilimwamuru auzunguke uwanja mbio mpaka niseme basi. Sikusema basi mpaka alipoanguka.

Mwalimu aliyetusimamia hakunichapa. Aliivua tepe yangu, akanipa kitabu cha maisha ya Baden-Powell, akaniambia nikisome chote, kisha niwasimulie makadeti wote siku ya gwaride. Niliyojifunza ndiyo haya.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa jometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini alikufa mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mama akabaki na kazi ya kuwalea watoto wengi. Mwaka 1870 kijana aliingia shule ya Charterhouse, ambayo mwaka 1872 ilihama kutoka katikati ya London ikaenda Godalming, mahali penye msitu karibu. Darasani hakuwa wa ajabu. Alipenda mpira, akawa mlinda mlango, na alipenda michezo ya kuigiza. Zaidi ya yote alipenda kunyatia msituni, kutega sungura na kuwapika kwa moto usiotoa moshi, ili walimu wasimwone. Alitaka kuingia Oxford, hakuchaguliwa. Ndipo mwaka 1876 akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri mno, akapelekwa India katika kikosi cha wapanda farasi.

Huko na Afrika Kusini alijifunza kazi ya upelelezi: kusoma nyayo, kujificha, kukumbuka alichokiona. Aliwafundisha askari wake hivyo hivyo, akiwagawa katika makundi madogo na kumwachia kila mmoja afikiri mwenyewe, kuliko kumfanya asubiri amri.

Mwaka 1899 vita vilizuka kati ya Waingereza na Makaburu. Yeye, sasa kanali, alikuwa katika mji mdogo wa Mafeking, karibu na mpaka wa Bechuanaland. Makaburu waliuzingira kwa maelfu mnamo Oktoba 1899, na mji haukukombolewa mpaka tarehe 17 Mei 1900: siku 217. Watu wa kupigana walikuwa wachache, na kila mtu mzima alihitajiwa kwenye mahandaki. Basi ofisa wake mmoja, Lord Edward Cecil, akawakusanya vijana wa mji, akaunda kikosi cha makadeti. Walivaa kaki na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Kiongozi wao, Goodyear, aliyekuwa na cheo cha sajini-meja, alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi.

Nilipofika hapo katika kitabu nilianza kuona haya. Vijana wale hawakuwekwa kukanyagana kwenye uwanja. Walipeleka barua kutoka boma hadi boma, walisaidia hospitalini, walikaa zamu ya kuangalia adui. Kwanza walipanda punda. Chakula kilipopungua na punda wakaliwa, walitumia baiskeli. Baden-Powell mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimwonya mmoja wao kuwa ipo siku atapigwa risasi njiani, naye kijana akamjibu kuwa huendesha kwa kasi mno hata risasi haziwezi kumfikia. Mkubwa akaona jambo ambalo hakulisahau: ukimwamini kijana kwa kazi ya kweli, ataifanya kama mtu mzima.

Lakini mwalimu alinionya nisifiche upande wa pili, nami sitauficha kwenu. Ndani ya mazingira yale walikuwamo maelfu ya watu weusi, wengi wao Barolong, ambao mji wao ulikuwa pale pale. Barolong walishika bunduki wakalinda upande wao. Hata hivyo chakula kilipogawanywa, mtu mweusi alipata kidogo kuliko Mzungu, na wengi walikufa kwa njaa. Mwafrika mmoja aliyekuwa mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, aliandika kila aliyoyaona katika daftari lake, na daftari hilo lilichapwa mwaka 1973. Uingereza ilimshangilia Baden-Powell ikampandisha kuwa meja-jenerali, akiwa na umri wa miaka 43. Wale wenye njaa hawakushangiliwa na mtu.

Aliporudi kwao mwaka 1903 aliona jambo la ajabu. Kitabu alichowaandikia askari juu ya upelelezi kilikuwa kinasomwa na walimu na watoto. Akaanza kufikiri. Tarehe 1 Agosti 1907 alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea pamoja na vijana kama ishirini, wengine wa shule za matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi. Aliwagawa makundi manne, kila kundi na kiongozi wake kijana, akawaamsha asubuhi kwa pembe ya mnyama aliyoipata Afrika. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake cha Skauti, na mwaka 1910 aliacha jeshi ili aifanye kazi hiyo tu. Palikuwa na watu waliotaka Skauti wafanywe makadeti, yaani askari wadogo. Yeye, jenerali, alikataa. Alisema kwata nyingi humfundisha kijana kutii bila kufikiri.

Uzeeni, mwaka 1938, alihamia Nyeri, nchini Kenya, akakaa na mkewe Olave katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu. Alikufa huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya Skauti inayomaanisha kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani.

Haya yote niliyasimulia mbele ya gwaride. Yule kijana alisimama mstari wa mbele, akinitazama. Nilipomaliza nilimwomba radhi kwa jina lake, wote wakisikia, na maneno hayo yalikuwa mazito kuliko hadithi nzima. Tepe yangu haikurudi mwaka ule. Mwalimu alinipa kazi ya kuchota maji na kuhakikisha hakuna kadeti anayekaa juani bila kunywa. Niliifanya mpaka nikamaliza shule. Kijana yule alikuja kuwa sajini, na hakuna aliyeanguka mikononi mwake.

Miaka mingi baadaye nilipanda basi kutoka Kampala mpaka Nairobi, na kutoka huko mpaka Nyeri, nikasimama mbele ya kaburi lile. Niliwakumbuka wawili: Goodyear juu ya baiskeli yake, na Barolong mwenye njaa ambaye jina lake halikuandikwa. Ninyi mnaovaa kaki leo, wakumbukeni wote wawili. Nguo ile haikupewa ili wadogo wakuogope. Umepewa ili, kazi inapokuja, aliye dhaifu ajue wa kumkimbilia.