Michell: Mhandisi aliyezipunguzia meli msuguano

MELI inapokata mawimbi, rafadha yake huyasukuma maji nyuma, nayo maji huurudishia mtaimbo nguvu iyo hiyo. Nguvu hiyo lazima ipokewe na beringi ya msukumo, la sivyo itaiharibu injini.

Aliyekipa kifaa hicho umbo lake la kisasa ni Anthony George Maldon Michell, mhandisi wa Australia.

Michell alizaliwa jijini London mnamo Juni 21, 1870, wazazi wake wakiwa safarini kutoka Australia. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Kaka yake, John Henry, alikuwa mwanahisabati mashuhuri.

Beringi za msukumo ni za aina kadhaa. Za gololi hufaa mizigo myepesi, na za rola hubeba mizito zaidi. Kwa meli kubwa, mtaimbo ulivishwa pete nyingi zilizosuguana na vyuma bapa visivyocheza. Oili ilikamuliwa nje, joto likapanda na chuma kikalika.

Mnamo 1886, Osborne Reynolds wa Uingereza alikuwa ameeleza kwamba oili hubeba mzigo ikiingia katika nafasi inayoanza pana na kuishia nyembamba, mfano wa kabari. Michell alikokotoa hesabu hiyo kwa vibao vyenye upana maalumu, na mwaka wa 1905 akasajili hataza ya uvumbuzi wake.

Alikigawa chuma bapa kuwa vibao vidogo, kila kimoja kikiegemea ncha na kuweza kuinama kidogo. Mtaimbo ukizunguka, kila kibao hujitafutia mwinamo wake na oili huingia kama kabari. Chuma hakigusani tena na chuma. Pete moja ikatosha penye nyingi.

Huko Marekani, Albert Kingsbury alikuwa amefikia wazo lilo hilo bila kumjua Michell. Ombi lake la hataza lilikumbana na ile ya Michell, lakini alithibitisha kuwa majaribio yake yalitangulia, akakubaliwa mwaka wa 1910. Mwaka wa 1912 beringi yake ilifungwa katika kituo cha umeme cha Holtwood, Pennsylvania.

Wakuu wa meli za Uingereza walisitasita. Ni Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyoleta mageuzi, jeshi la majini likaukumbatia uvumbuzi wa Michell.

Si kila alichobuni kilifaulu. Injini yake isiyo na kombo, aliyoihangaikia miaka ya 1920, haikupata soko kubwa. Hata hivyo, alichaguliwa mwanachama wa Royal Society mwaka wa 1934, na mwaka wa 1942 akatunukiwa Nishani ya Kimataifa ya James Watt.

Michell alifariki Melbourne mnamo Februari 17, 1959. Vibao vyake vingali vinainama ndani ya meli na mitambo ya umeme wa maji, ambako tani nyingi za chuma huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele.